Mati, Silki au Glosi: Jinsi ya Kuchagua Mng'ao wa Rangi kwa Kila Sehemu ya Nyumba

Mtu anapokwenda kununua rangi ya nyumba, mara nyingi humaliza muda wake akilinganisha vipande vya kadi, krimu kwa nyeupe na kijivu kwa samawati, kisha neno la mwisho lililoandikwa kwenye mkebe, yaani mati, silki au glosi, humwachia muuzaji au fundi aamue. Ilhali neno hilo ndilo litakaloamua kama alama ya mkono wa mtoto itapanguswa au itabaki, kama plasta iliyopinda itajificha au itajitangaza kila jua linapopiga dirishani, na kama bafu litahitaji kupakwa upya baada ya miaka kadhaa au baada ya masika moja tu. Mwongozo huu unamlenga mwenye nyumba au mpangaji wa Kisumu, Kakamega, Nakuru na miji jirani, na hoja yake ni moja: uchunguze ukuta wenyewe kabla ya kuchagua mng'ao, ujue ni nini kitakachougusa, mwanga unaupigaje, na plasta yake imenyooka kiasi gani.

Mng'ao hutoka wapi

Rangi ya ukuta ina viungo vitatu vikuu: unga unaotoa rangi na kufunika, gundi inayoushika unga huo ukutani, na kimiminika, kiwe maji au tapentaini, ambacho hukauka na kuondoka. Unga ukiwa mwingi kuliko gundi, chembe zake huchomoza juu ya utando, mwanga ukatawanyika kila upande, na jicho likaona ukuta uliotulia usiong'aa. Hiyo ndiyo mati. Gundi ikizidi, huzimeza chembe hizo na kufanya uso laini unaorudisha mwanga kwa pamoja. Hiyo ndiyo glosi. Katikati zipo egisheli, silki na semi-glosi, kwa utaratibu huo wa kuongezeka. Viwandani mng'ao hupimwa kwa kifaa kinachomulika uso wa rangi kwa pembe ya nyuzi 60, ambapo mati husoma chini ya 10 na glosi kamili husoma 70 na kuendelea. Majina ya katikati hayalingani sawasawa kati ya kampuni moja na nyingine, na kwa sababu hiyo ni vyema kumwomba muuzaji akuonyeshe kipande kilichopakwa na kukauka badala ya kutegemea jina lililo kwenye mkebe.

Kutokana na viungo hivyo unaweza kukisia tabia ya kila aina. Gundi nyingi hufanya utando mgumu usiopitisha maji wala mafuta, kwa hiyo rangi inayong'aa huosheka, lakini pia huonyesha kila shimo, kila ufa na kila alama ya mwiko wa fundi. Mati huficha kasoro hizo, ila hunyonya mafuta ya mikono, na ukiisugua sana pale ulipo uchafu hupata doa linalong'aa lisiloondoka. Kuna tofauti nyingine ambayo watu hawaambiwi dukani: ukuta wa mati unaweza kurekebishwa mahali padogo na kiraka kisionekane, hasa ukitumia rangi iliyobaki kwenye mkebe uleule, lakini kiraka juu ya silki au glosi huonekana hata kama rangi ni ileile, na huna budi kupaka ukuta mzima kutoka kona hadi kona.

Kama rangi ni ya maji au ya mafuta ni suala la pekee. Mati na silki tunazotumia kwenye kuta kwa kawaida ni rangi za maji, na glosi iliyozoeleka ni ya mafuta, ingawa siku hizi zipo glosi za maji zisizo na harufu kali.

Uchunguze ukuta kabla ya kwenda dukani

Kipimo cha kwanza hakigharimu chochote. Usiku, zima taa zote, weka tochi ya simu ikigusa ukuta na uimulike sambamba na ukuta huo, si kuuelekea. Vivuli vitakavyojitokeza ni ramani ya mabonde na vibiongo vyote vya plasta. Ukuta ukionekana umejaa mawimbi, una njia mbili tu za maana: uupake mati, au umlipe fundi aunyooshe wote kwa fila na kuupiga msasa kabla ya silki. Njia ya tatu, ambayo ndiyo inayofuatwa zaidi, ni kununua silki ya bei ya juu na kuipaka juu ya plasta mbovu kwa matumaini kwamba ubora wa rangi utaficha ubovu wa ukuta, na matokeo yake huwa ukuta ulio mbaya zaidi kuliko ulivyokuwa. Kwa maoni yangu, bajeti ikiwa ndogo, fedha hizo zina faida kubwa zaidi zikienda kwenye fila na msasa kuliko kwenye mng'ao.

Eneo letu linaongeza uzito wa jambo hili. Mstari wa ikweta unapita karibu na Maseno, na mwaka mzima jua huzama upande wa magharibi bila kupotoka sana, kwa hiyo sebule yenye dirisha la magharibi hupata mwanga mkali wa chini kila jioni isiyo na mawingu. Mwanga huo huambaa kwenye kuta za pembeni zinazopakana na dirisha na kufanya kazi ileile ya tochi yako. Kuta hizo ndizo za kupakwa mati au egisheli hata kama zile nyingine zitapakwa silki.

Kipimo cha pili ni cha unyevu. Bandika karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, yenye upana na urefu wa kama sentimita 45, uizibe pande zote kwa utepe wa gundi, na uiache usiku na mchana. Ukikuta matone ndani yake au plasta imebadilika rangi, ukuta huo unatoa maji, na rangi yenye utando mzito itayafungia ndani mpaka ivimbe malengelenge na kubanduka. Nyumba za nyanda za Kano, kuanzia Ahero kuelekea Nyando, ambako mafuriko huingia hadi ndani, na nyumba za zamani zilizojengwa bila karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, zina tatizo hili kwa wingi. Huko mati ya maji ndiyo salama, kwa sababu utando wake hupitisha mvuke na ukuta ukaendelea kukauka. Glosi iliyopakwa sehemu ya chini ya ukuta ili kuficha alama za maji haidumu, na inapobanduka hutoka na plasta.

Plasta mpya nayo ina masharti yake. Saruji hutoa chokaa yenye ukali ambao huvunja mafuta yaliyo katika rangi na kuyageuza kuwa kitu kinachonata mfano wa sabuni. Subiri angalau siku 28, na zaidi ya hapo ikiwa ni msimu wa mvua za Machi hadi Mei, kisha uanze na praima, yaani rangi ya kwanza ya kuandaa ukuta, inayohimili chokaa kabla ya kufikiria rangi yoyote ya mafuta.

Ukuta uliokwisha kupakwa unahitaji kutambuliwa. Chovya pamba katika spiriti na uisugue mahali palipojificha: rangi ya maji italainika na kuacha alama kwenye pamba, ya mafuta haitatoka. Ukipaka rangi ya maji juu ya glosi kuukuu bila kuikwaruza kwa msasa na kuipa undakoti, yaani rangi ya chini inayotangulia ile ya mwisho, itabanduka vipande vipande.

Sebule na vyumba vya kulala

Katika sebule zetu viti hupangwa kuzunguka kuta, na wageni huegemeza vichwa. Baada ya miezi michache mstari wa mafuta ya nywele hujitokeza juu ya kila kochi, na kwenye mati mstari huo hauondoki kwa sabuni. Ndiyo sababu mimi hupendelea egisheli au silki kwa sebule yenye wageni wengi, kwa sharti kwamba plasta imefaulu kipimo cha tochi. Ukuta wa televisheni ni bora uwe wa mati ili usirudishe mwanga wa kioo machoni. Usipake silki nusu ya chini na mati nusu ya juu ya ukuta mmoja ukitarajia zifanane kwa kuwa namba ya rangi ni moja, maana rangi inayong'aa huonekana nzito na yenye kina, na ileile ikiwa mati huonekana imepauka kidogo. Kumbuka pia kwamba rangi za giza, kama buluu iliyokolea au kijani cha chupa, huonyesha mng'ao na kasoro kuliko nyeupe na krimu.

Chumba cha kulala cha watu wazima kipake mati. Cha watoto kipake egisheli au silki, kwa kuwa kuta zake hushikwa na kuchorwa kila siku.

Jikoni

Jiko ni mahali pa kutafakari zaidi, na jibu lake linategemea moto unaotumika. Jikoni mwa gesi, silki au semi-glosi ya maji inatosha kwenye kuta, ukiweka vigae au glosi nyuma ya meko ambako mafuta ya kukaangia samaki huruka. Jikoni mwa makaa au kuni mambo ni mengine, kwa sababu masizi ni unga laini ulioshikana na lami ya moshi, nayo lami hupenya rangi ya maji na kujitokeza upya juu yake hata baada ya mikono mitatu, yaani kupakwa mara tatu. Osha kwanza kwa maji ya moto na sabuni ya unga, suuza, acha pakauke kabisa, kisha paka undakoti ya mafuta ya kuzuia doa lisipenye. Juu ya hapo semi-glosi au glosi ndiyo ifaayo, kwa sababu ukuta huo utaoshwa mara nyingi.

Tahadhari moja kuhusu glosi nyeupe ya mafuta: hugeuka manjano mahali pasipofikiwa na mwanga, kama ndani ya kabati, nyuma ya mlango na katika jiko lenye dirisha dogo. Kama unataka weupe udumu mahali pa giza, chukua ya maji, au ukubali krimu tangu mwanzo ambapo mabadiliko hayataonekana.

Bafu, choo na korido

Joto la Kisumu na unyevu wa ziwa huchelewesha kukauka kwa bafu, na shawa ya umeme huongeza mvuke. Kuta zisizo na vigae zipakwe semi-glosi, au silki iliyoandikwa kuwa ni ya bafu na jikoni, ambayo kwa kawaida huwa imetiwa dawa ya kuzuia kuvu. Dari ya bafu nayo iwe hivyohivyo. Hata hivyo hakuna mng'ao unaoua kuvu iliyokwisha kuota: iondoe kwa dawa ya klorini ya kufulia iliyozimuliwa kwa maji, ukiwa umefungua dirisha na kuvaa glavu, bila kuichanganya na dawa nyingine ya kusafishia, kisha suuza na uache pakauke. Bafu lisilo na dirisha wala tundu la hewa litaota kuvu tena hata ukilipaka glosi, na hapo tatizo la kutatuliwa ni hewa.

Korido na ngazi za ploti za kupangisha, kama zile za Manyatta, Nyalenda au Lanet, hupitiwa na watu, mizigo, baiskeli na mitungi ya gesi. Desturi ya kupaka dado ya glosi kutoka sakafuni hadi kimo cha mita 1.2 au 1.5, na mati au silki juu yake, ni desturi nzuri ambayo sioni sababu ya kuiacha. Fundi apige mstari kwa uzi na kipimo cha maji, kwa maana mstari uliopinda kwenye korido ndefu huonekana tangu mlangoni. Sakafu za veranda na ngazi za saruji zisipakwe glosi ya kawaida, kwani zikilowa huteleza. Tumia rangi ya sakafu, na uulize kama inaweza kutiwa mchanga laini wa kushika nyayo.

Dari za vyumba vingine zote ziwe mati, ziwe za jipsamu, mbao au selotex, kwa kuwa hakuna anayezigusa na viungo vya mbao huonekana upesi kwenye rangi inayong'aa.

Milango, madirisha na chuma

Mbao na chuma ndipo mahali pa glosi ya mafuta, kwa sababu milango hushikwa na madirisha hupigwa na mvua. Chuma kianze na kukwaruzwa kutu na kupakwa praima ya redi oksaidi, kisha undakoti, kisha glosi. Mlango wa mbao nzuri ni bora kuupa vanishi kuliko kuufunika.

Kwa wakazi wa Kisumu, Usenge, Mbita na pwani nyingine za ziwa, kuna jambo ambalo maelezo ya mkebe hayalitaji. Glosi ya mafuta hukauka kwa kufyonza oksijeni ya hewa, na huchukua saa nyingi kabla ya kuacha kunata. Jioni wadudu wadogo wa ziwani hufuata taa wakiwa katika makundi mazito kama moshi, na mlango uliopakwa alasiri huamka umejaa mabawa. Paka glosi asubuhi mapema, na usiku huo uzime taa zilizo karibu nayo.

Nyumba ikiwa ya zamani, rangi kuukuu ya mafuta iliyo kwenye milango na madirisha inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo. Shirika la Afya Duniani huhimiza nchi ziweke kikomo cha sehemu 90 za risasi katika milioni kwa rangi mpya. Piga msasa kwa maji ili vumbi lisiruke, ondoa watoto na mama mjamzito, na ukusanye mabaki yote. Unaponunua rangi mpya, angalia alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Kuta za nje

Nje, mwenye kuamua ni mvua, jua na udongo. Kakamega na Vihiga, ambako mvua ya alasiri ni jambo la kawaida kwa sehemu kubwa ya mwaka na udongo ni mwekundu, matone yanayodunda chini huchafua ukuta kwa kimo cha nusu mita hivi. Nakuru, vumbi jepesi la kiangazi hung'ang'ania ukuta wenye uso wa kukwaruza. Rangi ya nje ya akriliki yenye mng'ao mdogo hushika vumbi kidogo kuliko mati kamili na bado hupitisha mvuke, nami ningeichagua kwa kuta hizo mbili tofauti. Sehemu ya chini ipakwe ukanda wa rangi ya giza inayooshwa, kahawia au kijivu, kwa kimo cha nusu mita au zaidi. Glosi kwenye ukuta mpana wa nje haifai: plasta hupanuka na kujikunja kwa joto, na utando usionyumbuka hupasuka.

Kiasi cha rangi na kazi ya fundi

Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita 10 hadi 12 za mraba kwa mkono mmoja, kama ukuta umetayarishwa. Chumba cha mita 3 kwa 3.6 chenye kimo cha mita 2.7 kina karibu mita 32 za mraba za ukuta baada ya kutoa mlango na dirisha, kwa hiyo mikono miwili inahitaji lita 5.5 hadi 6.5, ambazo ni mikebe miwili ya lita 4 na kubakiza. Nunua yote kwa siku moja, hakikisha namba ya toleo ni moja, na uimimine katika ndoo kubwa moja kabla ya kuanza.

Mweleze fundi kwa heshima, kabla ya kazi, kwamba utapenda kuwapo anapochanganya. Silki iliyozidishwa maji hupoteza gundi yake kwa kila mita ya ukuta, na hivyo hupoteza mng'ao na uwezo wa kuoshwa ambao ndio uliolipia. Maji yafuate kiwango kilichoandikwa kwenye mkebe. Glosi ichanganywe na tapentaini, kamwe isiwe petroli, ambayo huua mng'ao na inaweza kuwaka moto katika chumba kilichofungwa. Rangi ya maji huweza kupewa mkono wa pili baada ya saa mbili hadi nne, glosi ya mafuta baada ya saa 16 hadi 24, na asubuhi za baridi za Nakuru zenye umande ukuta wa nje usiguswe mpaka ukauke na kupata joto.

Silki mpya ikigusika kuwa kavu bado haijakomaa. Usiioshe kwa maji na sabuni kabla ya majuma mawili hadi manne kupita, na ikiwa doa litaingia kabla ya hapo, lipanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo bila kusugua. Rangi iliyobaki iweke kwenye mkebe uliofungwa vizuri, uandike juu yake chumba, namba ya rangi, aina ya mng'ao na mwezi uliopaka, kisha uuhifadhi mahali pasipopigwa na jua wala kufikiwa na watoto.